Nilianza na trakti (vijikaratasi vya injili), nikaishia kukimbia kimya: kuhubiri kwa miguu hapa Mombasa

Mtoro_wa_Kengeleni (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Kule kwenye uzi wa viatu kuna mtu aliniuliza mbona kikundi chetu cha kanisani kinakimbia kila Jumamosi na hakijawahi kuonekana na bango wala kipaza sauti. Nikamjibu kwa mstari mmoja, akanicheka. Sasa naandika lote. Mwenye haraka apite, mie naandika kama nikimbiavyo, polepole.

Mimi ni mtu wa bandarini, kazi ya zamu, Mkristo wa kuzaliwa na baadaye wa kuamua. Mbio nilianza kwa sababu ya sukari. Daktari alinigeuzia karatasi nikaona nambari, kesho yake nikaanza kutembea kutoka Kengeleni hadi daraja la Nyali na kurudi. Kutembea kukawa kukimbia. Mwaka wa pili tulikuwa saba, wote wa kanisa moja, na mjuavyo, Wakristo saba wakikutana mara tatu lazima waanzishe huduma.

Tukachapisha fulana, mgongoni ule mstari wa Waebrania 12 wa kupiga mbio kwa saburi. Tukachapisha na trakti. Halafu kukawa na mbio za hisani mjini, sizitaji, tukaomba meza ya maji pale barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu. Tukapewa. Wazo lililofuata lilikuwa langu na nalikiri: kila kikombe cha karatasi kibandikwe kistika chenye aya. Mkimbiaji anywe maji, asome neno. Vikombe mia sita. Tulibandika usiku kucha, mke wangu akisema gundi hii na maji hazitapatana.

Ilikuwa Februari, kaskazi imekaza, kumepambazuka tu na shati tayari limegandamana mgongoni. Basi niwaambie jambo ambalo ningelijua kama ningewahi kusimama kwenye meza ya maji: mkimbiaji hasomi kikombe. Anakiminya, anakunywa funda mbili, iliyobaki anajimwagia kichwani, anakitupa. Kufika saa moja na nusu barabara ilikuwa nyeupe. Vistika vimebanduka, vimeganda kwenye lami, watu mia mbili wanapita juu yake. Jina la Yesu liko chini ya soli.

Akatokea mzee mmoja, kanzu, kofia ya vito, bakora. Nadhani alikuja kupunga upepo kama wazee wengi wa kule. Hakumsemesha mtu. Aliinama, akaokota kistika, akakisogeza mbali na macho akakisoma, akakitia mfukoni. Akainama tena. Mgongo wake ulikuwa haumruhusu, kila akiinama anashika goti kwanza. Nilipomfikia mfuko wa kanzu umetuna. Nikamwambia, shikamoo mzee, tuachie tutaokota wenyewe. Akaniambia, "Marahaba. Hapa pameandikwa Mungu, mwanangu. Jina hili haliwekwi chini." Akaendelea.

Nilisimama na jagi mkononi kama mtoto aliyevunja chombo cha watu. Tangu siku ile hatujachapisha kitu.

Nitaendelea. Kuna meli inashusha, naitwa.

Chumvi_Kidogo

Nimecheka mpaka kwenye gundi, kwa yule mzee nikaacha kucheka.

Lakini nikuulize bila ubaya. Fulana mmeacha, trakti mmeacha, midomo mmefunga. Injili iko wapi hapo? Kukimbia hata mbwa wa Nyali wanakimbia. Na tusidanganyane kuhusu riadha na dini. Nchi hii mkimbiaji akivuka utepe anapiga ishara ya msalaba au anapiga magoti, na bado mwaka 2016 shirika la kimataifa la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku lilitutangaza kuwa hatutimizi kanuni, na orodha ya waliofungiwa haijaacha kurefuka. Ishara ya msalaba haipimwi maabara. Mkojo ndio unaopimwa.

Mtoro_wa_Kengeleni

Chumvi, la dawa sina cha kukupinga. Mtu anaweza kuomba kwa dhati mstarini na sindano iko begini, moyo wa mwanadamu una vyumba vingi.

La injili iko wapi, nianze na pumzi. Sisi wa mbio ndefu tuna kipimo kisichohitaji saa ya mkononi. Siku ya kukimbia polepole, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, umezidisha. Siku hiyo unautafutia mwili stahamala: moyo uzoee, mishipa midogo ya damu iongezeke miguuni, misuli ijifunze kuchoma mafuta isimalize akiba ya wanga mapema. Hayo hayaji kwa kukimbizana. Sasa kichukue kipimo hicho umpime mhubiri. Mimi nilikuwa nikipata mgeni kikundini, hatujafika darajani nimeshamfikisha Warumi 3, ile ya wote wamefanya dhambi. Ni kwenye mwinuko wa daraja ndipo siku moja nilijisikia: anayehema ni mimi. Yeye ananisikiliza kwa kuwa hana pa kwenda, kulia kuna ukingo na bahari, kushoto kuna matatu. Nilikuwa nimemteka yule kijana. Alikuja mara mbili, ya tatu akabadilisha njia. Nilimwona baadaye Links Road, upande wa pili, akanipungia mkono bila kupunguza mwendo. Adabu alikuwa nayo.

Nikarudi kwenye Matendo 8, habari ya Filipo na yule mkuu wa hazina wa Malkia wa Waethiopia, kwenye njia ya jangwa iendayo Gaza. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuona kuwa Filipo anakimbia. Imeandikwa wazi. Gari linakwenda, yeye anakwenda mbio kando yake. Na anachofanya kwanza ni kusikia, maana yule bwana anasoma kwa sauti. Pili anauliza swali moja, kama ayasomayo yanamwelea. Tatu anakaribishwa kupanda. Mahubiri yanaanza hapo, baada ya kukaribishwa. Mie nilikuwa napanda gari la mtu likiwa linatembea, bila hodi.

Kwa hiyo sasa utaratibu wetu ni huu. Kabla ya kuanza tunasimama nusu dakika kimya, anayeomba anaomba, anayefunga kamba za viatu anafunga. Tukimaliza, uji na mahamri na mbaazi kwa mama mmoja pale Kengeleni. Katikati hapo hakuna anayefunguliwa mada ya dini asiyeifungua mwenyewe.

Kocha_wa_Tudor

Naongeza la kiufundi kabla hamjafika mbinguni.

Mombasa si Iten, ule mji wa wakimbiaji huko bara. Kule wako juu, kama mita 2,400, hewa kavu ya baridi. Sisi tuko usawa wa bahari, na hewa imebeba maji. Jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza kwa kukauka. Hewa ikijaa unyevu jasho halikauki, linachuruzika tu mpaka kwenye soksi, na joto linabaki mwilini. Mwenye kubisha na amkumbuke Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yaliletwa hapa hapa, uwanja wa gofu, bahari ile pale. Nilikuwa kwenye kamba toka asubuhi, nimepoteza kofia na sauti. Bekele alikuwa ameshinda mbio ndefu mara tano mfululizo, 2002 hadi 2006. Akaongoza vizuri, na mwisho ukiwa karibu akasimama. Hakuanguka, alisimama. Zersenay Tadese wa Eritrea akaenda zake akashinda. Ya wanawake akachukua Lornah Kiplagat, binti wa huku kwetu aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Watu wengi siku ile hawakumaliza, na hao ni watu wa kulipwa kwa kukimbia, si akina sisi wa vitambi.

Kwa hiyo Mtoro, kama mnataka huduma, fanyeni ya maji. Na chumvi pia. Mtu akinywa maji matupu saa tatu mfululizo akipitiliza, chumvi ya damu inashuka, anachanganyikiwa na kuanguka vilevile kama asiyekunywa. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu, yapewe msaada wa kitu chenye chumvi, hata viazi vya kuchemsha vya chumvi vinafaa. Kaskazi, anzeni kabla ya jua na mpunguze mwendo bila haya. Muda wenu bora mtautafuta wakati wa kusi, Julai au Agosti.

Na kikombe kisicho na aya kinapoza sawasawa.

Bin_Kizingo

Assalaam alaykum na habari za asubuhi kwa wote.

Mimi ni Muislamu na nakimbia na hawa jamaa, mwaka wa tatu huu. Niseme ya upande wangu kwa sababu naona mtu atajiuliza.

Nilipojiunga walikuwa wakianza saa kumi na moja kamili, ndio kwanza adhana inalia. Nilikuwa naswali, kisha nawafukuza peke yangu hadi Makupa. Sikulalamika, ni mie niliyewafuata. Wiki ya tatu au ya nne nikaona kwenye kikundi cha WhatsApp muda umeandikwa saa kumi na moja na nusu. Hakuna aliyeniambia ni kwa ajili yangu na mie sikuuliza. Ramadhani huhamishia mazoezi jioni, karibu na magharibi, tukimaliza kila mtu na futari yake. Mwaka wa kwanza walijifanya hawanywi maji mbele yangu. Nikawaambia jamani kunyweni, mkizimia ni nani atakayewabeba, mie na njaa yangu?

Wamenihubiria? Siku moja, ndiyo. Nami nikawahubiria. Tulikuwa tunapanda kuelekea Changamwe, tukabishana kilometa nne nzima, kilima hatukukihisi. Kocha alisema ndio mwendo wetu mzuri kuliko wote mwezi ule.

Lawama yangu ni moja na washaisikia. Zamani waliomba kwa sauti, wameshikana mikono katikati ya njia, mlangoni pa msikiti watu wanatoka kuswali. Hakuna aliyewafanya kitu lakini haikuwa vizuri. Waliacha. Shukran.

Huyo mzee wa vistika, nikisimuliwa sura yake namdhania, lakini simtaji. Hapendi kutajwa.

Dada_wa_Mkomani

Wanaume mnaongea kama barabara ni ya wote.

Mimi kabla ya kikundi nilikuwa nakimbia peke yangu asubuhi, nikapigiwa miluzi na watu wa bodaboda, nikafuatwa na tuktuk polepole ubavuni mpaka nikaingia dukani kujificha. Nikaacha miezi minane. Rafiki yangu akanileta huku. Mwendo wangu ni dakika nane kwa kilometa, siku ya joto tisa. Kuna mtu pale, simtaji asivimbe kichwa, anaweza kumaliza kilometa 21 kwa saa moja na nusu. Nimemwona. Jumamosi anakimbia nyuma yangu, mwisho kabisa, kama mchungaji wa ng'ombe, amebeba maji. Wiki ya kwanza nilidhani kaumia. Wiki ya tatu nikamuuliza kulikoni, akasema ni zamu yake. Wanapeana zamu ya kuwa wa mwisho!

Nilikuwa sijakanyaga kanisa tangu nifikwe na mambo yangu fulani, acha hayo. Hakuna aliyenialika. Nilienda mwenyewe Jumapili moja nione watu hawa wanakwenda kulishwa nini. Kufika tu, mama mmoja ananiuliza mlangoni eti nimesikia wewe ndiye unayekimbia na suruali za kubana, umeokoka wewe? Nikageuka. Nikakumbuka zamu ya mwisho, nikaingia, nikakaa nyuma.

Kwa akina dada: leso nyepesi kiunoni ukipita mjini na Mji wa Kale, ukifika barabara kubwa unaifunga begani. Si lazima. Mimi hunisaidia kuepuka maneno, na jasho nafutia hiyohiyo.

Mwana_Parokia

Nina swali la kweli. Mbio nyingi kubwa ni Jumapili asubuhi. Misa nayo ni Jumapili asubuhi. Mnafanyaje? Maana nilimpenda sana Meseret Defar wa Ethiopia kule Olimpiki ya London 2012, alipovuka utepe wa mita 5,000 akachomoa picha ya Bikira Maria kifuani akaionyesha dunia, machozi yanamtoka. Lakini mwanangu ananiambia, baba, ushuhuda kama ule nitautoa lini nami Jumapili naimba kwaya?

Kocha_wa_Tudor

Parokia, wenzako wa Roma mna misa ya Jumamosi jioni, tatizo lenu dogo.

Wapo wasiotaka kabisa. Eric Liddell wa Uskoti ndiye anayetajwa siku zote. Paris 1924, mchujo wa mita 100 uliangukia Jumapili, akakataa, akakimbia mita 400 siku nyingine, akashinda kwa sekunde 47.6, rekodi ya dunia. Watu huisimulia kama alijua asubuhi yake. Hapana. Ratiba aliijua miezi kadhaa kabla, akaitumia miezi hiyo kujifunza mbio za 400. Ukaidi wenye mazoezi. Na Jumapili ile alikuwa Paris kanisani anahubiri.

Wasichokisimulia ni mwisho wake. Alirudi China alikozaliwa, akawa mmisionari, vita vikaja, Wajapani wakamfungia kambini Weihsien pamoja na mamia ya wageni, watoto wa shule wakiwemo. Akawa mtu wa kuwachezesha michezo. Jumapili hakuchezesha. Vijana wakaamua kucheza mpira wa magongo wenyewe bila refa, ikaishia ngumi. Wenzake wa kambini wamesimulia kuwa baada ya hapo alikwenda akashika filimbi siku ya Jumapili. Yule yule aliyekataa kukimbia Jumapili kwenye Olimpiki. Alifia kambini Februari 1945 kwa uvimbe wa ubongo.

Mwambie mwanao aamue mwenyewe, na akiamua kukimbia asiwaachie wenzake kwaya bila sauti ya tatu. Amtafute mbadala mapema.

Mtoro_wa_Kengeleni

Ahsante Kocha, umeniokolea aya nzima. Kwetu sisi kila mtu na dhamiri yake. Mimi Jumapili sishindani, mke wangu amekimbia mbili na kaniletea fulana.

Kwa kuwa umetaja wamisionari, niseme na huyu wa kwetu wa bara. Bruda Colm O'Connell alikuja Iten kutoka Ayalandi mwaka 1976 kufundisha jiografia, hakuwa na elimu yoyote ya riadha. Akashika saa pembeni ya uwanja wa shule miongo kwa miongo, na David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 kule London ni mmoja wa aliowalea. Ukiniuliza alihubiri lini, sijui nikuonyeshe siku gani.

Chumvi_Kidogo

Sawa, nimelainika kidogo, si sana.

Ila kuna jambo hapa Pwani hamuwezi kulikwepa. Baada ya Shakahola, Aprili 2023, pale Kilifi, zaidi ya miili 400 imefukuliwa msituni, watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Mimi nina jirani aliyempoteza dada yake na watoto wake. Sasa nikiona kikundi cha Kikristo kinachukua vijana alfajiri, kinawatembeza masafa, wengine wanakimbia hawajala, wanaitana ndugu na dada, samahani, nywele zinanisimama. Mnasemaje?

Mtoro_wa_Kengeleni

Nywele zikusimame. Zisiposimama baada ya yale, basi kuna tatizo.

Haya ndiyo tuliyoamua, na tuliyaandika mwaka ule ule. Hakuna kufunga kwa jina la kikundi. Anayefunga kwa dini yake, siku hiyo anakimbia fupi na anamwambia Kocha. Ya zaidi ya kilometa 15, hujala hata ndizi, hatuondoki na wewe. Hatuchangishi pesa, ya uji kila mtu anajilipia. Aliye chini ya miaka 18 anakuja na mzazi, au mzazi anapiga simu tunamsikia sauti. Na hakuna nabii kikundini. Alikuja mmoja, akasema ameonyeshwa kuwa tuhame mjini twende tukakae porini tufanye mazoezi na maombi siku arobaini. Ilikuwa Juni 2023! Bin Kizingo ndiye aliyemsindikiza mpaka stendi ya matatu, kwa upole, na akamlipia nauli.

Bin_Kizingo

Shilingi themanini. Bado nadai.

Mtoro_wa_Kengeleni

Utalipwa kwa mahamri.

Sasa nimalize kile nilichotaka kusema tangu mwanzo, cha Rabai, maana wengine wananiuliza inbox hili jina Mtoro nimelitoa wapi, eti najiita mhalifu.

Mara moja kwa mwaka tunakimbia kutoka Kengeleni hadi Rabai. Unavuka daraja la Nyali, unakata kisiwa, Makupa, Changamwe, Miritini, unapanda na barabara ya Nairobi hadi Mazeras, halafu unaiacha lami kubwa na malori yake unaingia Rabai. Ni zaidi ya kilometa 20 na nusu yake ya mwisho ni kupanda.

Kengele ya Kengeleni wengi mnaipita kila siku ndani ya matatu hamuitazami. Hapo palikuwa Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa Kianglikana walikianzisha katikati ya miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele ilipigwa kuonya wakija wa kuwarudisha. Na Rabai ndiko wamisionari wa Kijerumani, Krapf na Rebmann, walikofungua kituo 1846, wamepanda kilima kile wote wawili wana homa. Krapf alifika Mombasa 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine na kichanga chao upande wa Nyali. Na miaka ya 1880 watumwa waliotoroka mashambani walikimbilia Rabai kwa mamia. Hao ndio walioitwa watoro. Wengi wao ndio waliokuja kuwa kanisa la mwanzo la pwani hii. Watu wa kukimbia usiku, bila viatu, bila meza ya maji, na nyuma yao kuna mwenye kamba. Nikivaa jina lao navaa kubwa kuliko mimi, najua.

Mwaka juzi kulikuwa na kijana wa tuktuk, amekimbia nasi miezi mitatu hivi, mkimya, wa kusema habari na kwaheri. Tulikuwa wawili nyuma, zamu yangu ya mwisho. Miritini malori yamesimama foleni, moshi, mtu anauza kahawa na kashata katikati ya malori. Kilometa ya kumi na saba kwa saa yangu. Akaniuliza, bila kunitazama, "Kwani ile nusu dakika nyinyi huwa mnaomba nini?"

Wallahi miaka ya nyuma ningemjibu kwa dakika arobaini. Ila tulikuwa kilimani, na pumzi sina. Nikamwambia, "Mimi humwombea mama yangu. Na magoti." Akanyamaza mpaka tukapita lori la tatu. Akasema, "Mimi sijaomba tangu tumzike baba. Waliomba sana hospitalini, halafu akafa." Nikasema, "Pole." Sikuongeza. Tukakimbia. Ukikaa na mtu uso kwa uso ofisini kwa mchungaji, neno kama lile halitoki, macho yanazuia. Mkiwa bega kwa bega mnaitazama barabara moja, linatoka lenyewe kama jasho.

Tulipofika Mazeras akaniuliza la pili, na la tatu. Hayo ni yake, siyaandiki hapa. Nasema tu kwamba aliniuliza, ndipo nikajibu.

Na kwa Chumvi, kwa kuwa unapenda mambo ya kubisha. Unajua mtu wa kwanza aliyebatizwa na wale wamisionari wa Rabai alikuwa nani? Aliitwa Mringe. Alikuwa kilema. Tunakimbia kilometa zote hizo, mapigo ya moyo 160, saa za mkononi zinalia, tunafika kwenye kanisa ambalo wa kwanza wake hakuweza hata kutembea sawasawa. Mwaka wa kwanza niliposimuliwa hilo pale makumbusho nilikuwa nimekaa chini nimevua kiatu, kucha imeng'oka, nikijiona shujaa. Nikakivaa tena.

Ya mwaka huu ni Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kusi bado ipo. Saa kumi na moja na nusu, kengeleni. Hakuna kiingilio, hakuna medali.

Chumvi_Kidogo

Uji ni shilingi ngapi?

Dada_wa_Mkomani

Thelathini. Na usije na viatu vipya, utajuta Changamwe.

Fundi_Baiskeli_Likoni

Samahani wakubwa, mimi msomaji tu, mara ya kwanza kuandika hapa. Niligongwa na lori nikiwa kwenye pikipiki 2021, mguu wa kushoto una vyuma, nakwenda kwa gongo. Kukimbia siwezi tena. Natamani kufika Rabai, ila sitaki kuchelewesha watu. Kuna gari linalokwenda na mizigo yenu nipande?

Mtoro_wa_Kengeleni

Ndugu, gari lipo lakini limejaa maji na viazi vya Kocha. Vuka feri mapema, panda matatu hadi Mazeras, shuka saa mbili asubuhi usubiri pale njia ya Rabai inapoanzia. Nitakuwa hapo nimeshafika, wengine watapita. Kutoka hapo tunatembea mie na wewe. Zamu ya mwisho mwaka huu nimeishaichukua. Chukua kofia, na kama una gongo la akiba lenye mpira chini lilete, njia ina kokoto.